Pakiti Saba za Pudini ya Kijani

Jumapili, tarehe 8 Machi. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna, ziwa limefunikwa na ukungu mpaka milima ya Kongo haionekani kabisa. Kuni leo zitatoa moshi tu. Nimelisema hilo kwa sauti nikiwa peke yangu uani, halafu nikakumbuka kwamba kuni za bekari si shida yangu tena. Nimestaafu juzi, Ijumaa.

Rehema, wewe uliyepokea tanuri, uliniomba niandike mambo ya kazi ili wenzako wa zamu wasome. Nimekaa na daftari hili siku mbili bila kuandika kitu. Mimi niliishia darasa la saba, kule Kalinzi, na imla ilikuwa inanipiga chenga. Nitaandika kama ninavyosema. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika, maana baadhi ya waliokuwepo wako hai na wana midomo. Mishahara na vyeo siandiki. Vyeo vyenyewe vilikuwa viwili tu: mwenye koleo, lile la kuingizia mikate tanurini, na asiye na koleo.

Siku yangu ya kwanza hapo Ujiji nilipewa makopo ya mikate niyapake mafuta. Kwetu mafuta ni mawese. Nikaona dumu la mawese limekaa pembeni, nikapaka makopo yote, tena kwa moyo. Lile dumu kumbe lilikuwa la kupikia chakula cha wafanyakazi. Mikate ilitoka na mbavu nyekundu kama matofali. Mwokaji mkuu, Mzee Rashidi, alishika mmoja, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Binti, umetoka wapi?"

"Kalinzi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huko Kalinzi mikate inavaa kanga?"

Walicheka wote mpaka mpasua kuni. Mimi nilijua nimefukuzwa. Lakini mikate ile iliisha kabla ya saa nne, na mama mmoja wa Gungu alirudi kesho yake kuulizia ile ya rangi. Hilo Mzee hakuniambia, nililisikia kwa muuzaji. Sijui kama alinificha au alisahau. Nadhani alisahau.

Kazi yote niliyonayo nilipewa na Mzee Rashidi. Alikuwa mtu mfupi, kofia ya kufuma, mkono wa kulia hauna nywele hata moja kuanzia kiwiko kwenda chini. Nywele zilimalizwa na tanuri. Nyie mmezoea kipimajoto cha ukutani, lakini enzi zetu hakikuwepo. Moto uliwashwa humo humo ndani ya tanuri, makaa yakakokotwa nje, sakafu ikapigwa gunia bichi, halafu kilichobaki ni joto la matofali, nalo linashuka taratibu kama jua la jioni. Mkate unaingia joto likiwa kali. Keki zinangoja joto lishuke. Ukikosea kungoja, umekosea siku nzima.

Na kipimo kilikuwa mkono. Mzee alikuwa anaingiza mkono mdomoni mwa tanuri mpaka kiwiko na kusoma Alhamdu. Kama mkono umeshindwa kabla ya kufika katikati, joto ni la mkate. Kama amefika mwisho, mpaka "Amin", ndipo mkono unaomba kutoka, joto hilo ni la keki. Kijana mmoja aliwahi kumuuliza kwa nini asinunue saa. Mzee akamjibu, "Saa haina thawabu."

Mimi ni Mkatoliki. Alhamdu nilikuwa naisikia kila siku lakini kuisoma mwenyewe niliona kama kuvaa nguo ya mtu. Wiki ya kwanza niliyoruhusiwa kupima, niliingiza mkono nikasali Baba Yetu, kimoyomoyo. Mkate ukaiva. Nikaendelea hivyo miaka. Sikumwambia mtu. Tukiwa tunaoka mikate tu kila siku, na keki mbili tatu za Krismasi na Idi ambazo Mzee alizipima mwenyewe, siri yangu haikuwa na madhara.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Siasa zake siziandiki, sizijui. Ninachojua ni maboti yakishusha watu Kibirizi, magodoro vichwani, na mikate yetu ikiisha kabla haijapoa. Tulioka asubuhi na mchana. Baadaye mashirika yakaanza kuleta biskuti zao kwa treni, na kilichotafutwa mjini hakikuwa mkate tena. Yalitafutwa maghala. Kila mwenye jengo lenye paa zima alifuatwa. Bwana Seif, mwenye bekari, alifuatwa na shirika moja lililotaka mahali pa kuweka maharage. Alituambia mwenyewe, amesimama mlangoni, hakutuma mtu. Nalitaja hilo kwa sababu watu wamemsema vibaya. Alisema tanuri litabomolewa ili magunia yapate nafasi, na kwamba anafikiria. Mzee Rashidi alichukua ufagio akafagia mahali palipokuwa tayari pamefagiwa.

Katika siku hizo hizo ndipo alipokuja Goreti. Alikuwa ametoka Bujumbura na mtoto mgongoni, amefikia kwa shangazi yake Buzebazeba. Alikuja mlangoni kuomba maji, akanywa, asiondoke. Alisimama ananitazama ninavyokanda.

"Mwaramutse," akanisalimu.

"Mwakeye," nikamjibu kwa Kiha. Kiha na Kirundi ni watoto wa mama mmoja, tunaelewana.

"Dada, huo unga umekukosea nini? Unaupiga kama mwizi."

Nilikasirika. Nikamwambia kama anajua zaidi, aje. Akaja. Akamkabidhi mtoto kwa muuzaji, akanawa, na ndani ya dakika kumi kinyunya changu kilikuwa laini kama shavu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye duka la keki kule kwao. Kesho yake alikuja tena, na siku ya tatu hakuna aliyekumbuka kwamba hajaajiriwa.

Huyo Goreti ndiye mwenye zile pakiti saba. Siku ya kukimbia alikusudia kubeba maziwa ya unga ya mtoto. Alipofungua mzigo wake ndani ya boti akakuta pakiti saba za unga wa pudini, za pistashi. Mwenyewe alikuwa akiisimulia anacheka mpaka anajishika kiuno. "Wenzangu wamebeba magodoro na sufuria. Mimi, mawe, mama yangu! Nimebeba pudini!" Mtoto alikunywa uji na akanenepa, kwa hiyo hakuna aliyedhurika. Pistashi yenyewe, kwa ambao hamjaiona, ni kokwa ndogo ya kijani kutoka nchi za Waarabu, tamu kama korosho lakini ina harufu yake. Dukani kwao kila Jumapili waliuza keki ya pistashi, na unga wa pudini ndio uliokuwa unaipa rangi na kuifanya isikauke. Si kijani cha majani. Ni kile kijani cha parachichi karibu na kokwa, kinapokaribia kuwa njano. Watu wakitoka kanisani walikuwa wanaikuta imekatwa tayari. Alipokuwa akiieleza mikono yake ilikuwa inakata hewani, vipande sawasawa.

Sasa, mdogo wa mwisho wa Bwana Seif alikuwa anaolewa Jumapili, na wenye maharage walikuwa wanangoja jibu Jumatatu yake. Keki ya harusi ilikuwa imeagizwa Dar es Salaam, ije kwa treni. Mvua ikakata reli. Jumatano mchana mama yao, Bi Zuwena, akaja bekari kwa miguu, na fimbo yake, Bwana Seif akimfuata nyuma kama aliyekuwa ameshagombezwa njiani.

"Rashidi," akasema Bi Zuwena, "una tanuri au huna?"

"Ninalo, bibi. Mpaka Jumatatu ninalo."

Bi Zuwena akamgeukia mwanawe. "Mpaka Jumatatu? Kuna nini Jumatatu?"

Hapo ndipo tulipojua kwamba mama hakuambiwa habari ya maharage. Bwana Seif akaanza kueleza, na Goreti, ambaye hakujua nani ni nani, akasema kutoka mezani, "Keki ya harusi mimi naifanya. Ghorofa tatu. Ya pistashi."

Bi Zuwena akauliza pistashi ni nini. Goreti akamwonyesha picha kwenye pakiti. Yule bibi akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Hii si fustuki? Mimi sijaila fustuki tangu baba yangu yu hai."

Bwana Seif hakuwa mjinga wala mkorofi. Alisema mbele yetu sote: "Sawa. Keki itoke humu. Ikiwa keki ya kuwekwa mbele za watu, tanuri linabaki na mimi nafunga mdomo. Ikiwa ya aibu, Jumatatu wenye maharage wanapewa funguo." Bi Zuwena akasema haya. Mzee Rashidi akasema haya. Mimi sikuulizwa.

Alhamisi tukafanya jaribio. Pakiti mbili. Mzee alikuwa mazikoni, akatuachia neno moja: "Alhamdu nzima, Yustina. Usiniwahi." Goreti alichanganya. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu mnakosea mpaka leo: unga wa pudini hauchemshwi kwanza. Unachekechwa mkavu pamoja na unga wa ngano. Sukari na majarini vinachapwa mpaka viwe vyeupe, mayai yanaingia moja moja, maziwa ya mgando mwishoni. Juu alitaka pistashi zilizosagwa, hatukuwa nazo. Tukakaanga karanga kidogo, tukazimenya ngozi yote nyekundu, tukazitwanga. Karanga si pistashi, nisiwadanganye. Lakini hazikuleta aibu.

Nikaingiza mkono. Nikasali Baba Yetu, ile yangu ya kila siku. Nikafika "Amina". Nikasema, "Weka."

Baada ya muda kidogo tukasikia harufu. Tulipotoa, nje ilikuwa nyeusi kama chungu na ndani uji. Goreti aliikata katikati, ikamwagika mezani. Hakupiga kelele. Akakaa juu ya gunia la unga akasema polepole, "Ni mimi. Kule kwetu tanuri lilikuwa la umeme, lina namba. Hili silijui."

Na mimi nilinyamaza. Ndilo jambo ninaloliandika kwa shida kuliko yote. Nilijua kwamba hakugusa kipimo, kwamba kipimo kilikuwa changu, na nilimwacha aende Buzebazeba na mtoto wake akiamini kwamba amechoma pakiti mbili za kwao kwa mikono yake. Nikamwacha abebe mzigo wangu. Nilijiambia nitasema kesho. Nyumbani mume wangu aliniuliza mara mbili naumwa nini.

Ijumaa nilifika kabla ya wote, nikamkuta Mzee anapanga kuni. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: Baba Yetu, miaka yote, keki, Goreti. Nilitegemea atanifukuza. Nilitegemea pia, sitaficha, kwamba atasema nimeidharau dini yake.

Aliweka kuni chini. "Nilijua tangu wiki ya kwanza."

"Ulijua?"

"Midomo yako ilikuwa inafunga upesi mno. Mimi nilikuwa bado nipo katikati, wewe umeshamaliza, unapangusa mkono." Akacheka kidogo. "Kwa kasi hiyo joto la mkate unaliona la keki. Mkate unasamehe, nikaona nikuache. Keki haisamehe. Kosa ni langu pia, ningekuambia."

"Basi nifundishe Alhamdu, mzee."

"Ya nini? Wewe sali yako. Ila usiisali kama mtu anayeachwa na treni! Unaongea na Mungu, binti, huongei na konda."

Goreti alipoingia nilimwambia mbele ya Mzee. Nilikuwa tayari kwa lolote. Akaweka mtoto chini, akaninyooshea kidole.

"Kwa hiyo jana nimelia bure?"

"Umelia bure."

"Nimekosa usingizi bure?"

"Bure, dada. Nisamehe."

"Sisamehe bure. Leo unapiga mayai yote peke yako." Na nikayapiga. Kwa uma. Bega la kulia linanikumbusha mpaka leo kila mvua ikikaribia.

Siku nzima hiyo, katikati ya mikate, tulifanya mazoezi. Mzee anasoma yake, mimi nasali yangu, mbele ya tanuri lililopoa, mpaka nikajua kasi. Goreti naye akajaribu kwa Kirundi, akatoka mbio kuliko mimi, Mzee akashika kichwa. "Huyu ndiye angeunguza hata ziwa!"

Jumamosi pakiti zilikuwa tano na ghorofa ni tatu. Kubwa mbili, ya kati mbili, ndogo moja. Hakuna ya kujaribia. Bi Zuwena alileta kiti chake akakaa mlangoni, akasema amekuja kupunga upepo. Upepo haukuwepo. Bwana Seif alikuja mara tatu, kila mara ana kisingizio kingine.

Mikate ilitoka. Tukangoja. Mzee akakunja mkono wa shati, nami nikakunja wa gauni langu. Mdomo wa tanuri ni mpana, mnaujua. Akaingiza mkono wake upande wa kulia na mimi upande wa kushoto. Akaanza. Nikaanza. Sikuikimbiza. Kwa mara ya kwanza nadhani katika maisha yangu nilisikia kila neno ninalolisema. Joto lilipanda mpaka begani, nikasema hapana, bado, bado. Na tulipofika mwisho, "Amin" yake na "Amina" yangu zilitoka mara moja, na mikono ikatoka pamoja.

"Weka," tukasema wote wawili.

Goreti akaweka. Hata muuzaji akaacha meza yake akaja kungoja nasi.

Zilipotoka, Goreti alichoma kijiti cha fagio katikati ya ile kubwa. Kikatoka kikavu. Akachoma ya kati, akachoma ndogo. Vikavu. Rangi ilikuwa ile ile aliyoieleza, parachichi karibu na kokwa, ukingo kahawia kidogo tu, juu imejivimba sawasawa bila kupasuka. Ilinukia kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu, ukiacha Goreti, alikuwa amewahi kukinusa. Aliinama akanusa macho yamefungwa. Kisha akainuka akapiga kigelegele kilichotoa watu barabarani. Bi Zuwena akakijibu kutoka kitini. Kwa mwanamke wa umri ule, kilikuwa kigelegele cha nguvu.

Jumapili iliwekwa mbele za watu. Hatukuikalia meza, tulisimama nyuma karibu na jiko, lakini tuliona. Bi Zuwena alipewa kipande cha kwanza hata kabla ya bibi harusi, jambo ambalo si utaratibu. Akatafuna taratibu. Watu wakangoja. Akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Seif."

"Naam, mama."

"Nani alikwambia kwamba lile ni ghala?"

Ukumbi ukacheka, ingawa nusu hawakujua wanachekea nini. Bwana Seif naye akacheka. Akatoka akaja mpaka tulipokuwa, akampa mkono Mzee Rashidi, akanipa mimi, akampa Goreti, na kwa Goreti akasema, "Jumatatu uje mapema. Una kazi." Goreti akamjibu, "Bosi, mimi nilishaanza mwezi uliopita."

Wale wa maharage hawakudhurika. Bwana Seif aliwatafutia jengo kavu karibu na stesheni, na nilisikia walilipenda zaidi. Nasema hivyo ili haki ya kila mtu isimame.

Jumatatu foleni ilifika kwa fundi baiskeli. Walitaka "ya kijani." Pakiti zilikuwa zimeisha zote saba, kwa hiyo tulitumia unga wa kastadi, karanga nyeupe na rangi kidogo, na Goreti akabuni ule mkate mtamu ambao mpaka leo mnauoka Alhamisi. Ile kastadi ndiyo inayoufanya ukae siku tatu bila kukauka, na abiria wa meli za kusini waliujua kabla hata ya watu wa Mwanga, hapa hapa mjini. Wanaosema niliubuni mimi wanakosea. Mimi nilichangia kuongeza chumvi.

Goreti alikaa nasi miaka, akarudi kwao amani ilipokuja. Anaoka huko, duka ni lake mwenyewe. Mzee Rashidi alinikabidhi koleo akiwa bado ana nguvu ya kunisahihisha, na akanisahihisha mpaka mwaka wake wa mwisho. Mvunja tanuri hajaonekana. Matofali mengine tumebadilisha, mdomo tumeujenga upya mara mbili, lakini moto wake haujawahi kukosa mtu wa kuuwasha. Nimeulizwa juzi pale kwenye chai ya kuagwa najivunia nini, nikaona haya nikasema sijui. Najua. Ni hilo.

Mvua imekata sasa hivi, saa kumi na mbili jioni. Tumekula ugali wa muhogo, samaki mgebuka wa kukaanga na sombe, yaani kisamvu, yenye mawese, mimi, mume wangu na wajukuu wawili. Baada ya hapo chai na mkate wa bekari, ambao mume wangu alipitia kuununua. Ni mara ya kwanza tangu nifike Ujiji kula mkate wa tanuri lile ambao sikuugusa kwa mkono wangu. Niliukata, nikautazama ukingo, nikaubonyeza katikati, nikautafutia kosa. Rehema, sikulipata. Nimekula vipande vitatu.